Vitabu Kumi vya Fomu ya Udhamini

Swali la saba ndilo lililonikwamisha. Fomu ya kuombea udhamini nilikuwa naijaza kwa simu, nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yetu hapa Ruaha, mvua ya Januari inanyemelea na mbu wananila miguu. Jina, umri, shahada, namba ya pasi ya kusafiria (hapo nikaacha wazi, sina). Kisha likaja: taja vitabu kumi vya fasihi ya dunia ulivyovisoma, na mbele ya kila kitabu andika lugha uliyokisomea.

Mama alikuwa kibarazani anachambua mchele. Nikamweleza kwamba kuna semina huko majuu, ya wakati wa kiangazi chao, wasomi wa nchi mbalimbali wanakaa pamoja wiki kadhaa kujifunza fasihi ya dunia, na kwamba wachache hupewa udhamini.

Akauliza, "Fasihi ya dunia ndiyo ipi hiyo, mwanangu? Kwani Ruaha iko mwezini?"

Nikacheka, nikaendelea kuandika. Orwell. Achebe. Shakespeare, mara mbili. Okot p'Bitek. Haggard. Na wengine wanne wa kujazia. Vilipotimia kumi nikarudi juu kwenye safu ya lugha, nikaandika "Kiingereza" mara kumi, mfululizo, bila kuinua kichwa.

Ndugu msomaji, huo ulikuwa uongo, na makala haya yametokana na uongo huo.

Ninaposema Ruaha watu wa Dar hudhani nimekulia kwenye mbuga ya tembo kule Iringa. La hasha. Ruaha yetu ni ya wilaya ya Kilosa: ukifika Mikumi unaiacha barabara kuu ya Iringa, unashika njia ya Ifakara, unapita Kidodi na milima ya Vidunda, unakuta miwa kushoto na miwa kulia. Ng'ambo ya mto ni Kidatu. Kiwanda cha sukari kilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilivuta watu kutoka kila pembe, kwa hiyo ukisimama sokoni kwetu utasikia Kividunda, Kipogoro, Kihehe, Kingoni na Kinyakyusa kabla hujalipia nyanya. Baadaye wakaja Wachina na reli ya TAZARA, na bwawa la umeme la Kidatu likakamilika 1975. Kwa hiyo lile swali la Mama halikuwa la ushamba hata kidogo.

Shule yetu ya msingi ilikuwa na kabati moja la vitabu, na funguo alikaa nazo mwalimu mkuu. Humo ndimo nilimokuta Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, jalada limeng'oka. Nilikuwa namsomea Baba jioni akitoka kukata miwa, amejaa masizi. Siku tulipofika pale yule farasi mchapakazi anapouzwa akachinjwe, Baba alinyanyuka akatoka nje, akakaa gizani kitambo. Miaka mingi baadaye ndipo nikakisoma kwa Kiingereza, maktaba ya chuo. Nilikielewa vizuri, lakini hakuna aliyetoka nje.

Okonkwo nilimjua kwa Shujaa Okonkwo ya Clement Ndulute, iliyotoka 1973. Lawino alinisemesha kwa Kiswahili cha Paul Sozigwa, 1975. Mashimo ya Mfalme Sulemani ni tafsiri ya tangu 1929, kazi ya Frederick Johnson. Na Shakespeare, mara zote mbili, alikuja kwangu kwa mkono wa Mwalimu Nyerere: Kaizari, aliyetoka mara ya kwanza 1963 na kurekebishwa 1969, na Mabepari wa Venisi wa mwaka huohuo wa 1969. Yaani kati ya vitabu kumi, sita nilivisoma kwa Kiswahili, tena sita hivyo ndivyo vilivyonifanya nitake kuandika. Kwa nini basi nikadanganya? Kwa sababu nilimwona kichwani yule atakayeisoma fomu yangu, nikamwona anatabasamu kidogo. Niliona haya.

Haya hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye historia. Nilitaka kujua waliotutangulia, wale waliokwenda kweli, walikwenda na nini mkononi.

Nilianza na huyo mwenye jina lake, maana maneno "fasihi ya dunia" yalivuma kwa Goethe, Mjerumani. Mwanzoni mwa 1827 alimwambia msaidizi wake, Eckermann, kwamba zama za fasihi ya dunia zinakaribia na kila mtu azihimize zije. Na kilichomtia hamasa ni riwaya ya Kichina aliyokuwa ameisoma siku hizo. Sasa sikiliza: hakuisoma kwa Kichina. Aliisoma kwa tafsiri, akiwa Weimar, kamji kadogo tu, hajatia mguu China wala hatautia. Nilipoligundua hilo nilitamani kumpigia simu yule mtu wa fomu.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi kwa kuwa ni la nyumbani. Kilosa ilikuwa imeshakwenda majuu zamani sana. J. T. Last, mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Mamboya, alichapisha sarufi ya Kikaguru huko London mwaka 1886. Kuanzia 1957 akaja Thomas Beidelman, mwanaanthropolojia, akakaa Ukaguru, akakusanya ngano na visa, akaviandikia makala na vitabu kwa miongo kadhaa. Simlaumu, bila yeye pengine baadhi ya ngano hizo zingekwisha na wazee. Lakini fikiria mpangilio wenyewe. Hadithi ilisafiri, msimulizi akabaki anapalilia mahindi. Hakuna aliyempa bibi wa Mamboya fomu yenye swali la saba.

Juni 1962 ndipo waandishi wa Kiafrika walipokutana Makerere, Kampala, kwenye ule mkutano unaotajwa hadi leo. Achebe alikuwepo, Soyinka alikuwepo, na kijana mwanafunzi wa palepale, James Ngugi, aliyekuja kuitwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Sharti la mkutano lilikuwa kwenye jina lake: waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika Kusadikika na Wasifu wa Siti Binti Saad, aliyekuwa ameshamfikisha Omar Khayyam kwa wasomaji wa Kiswahili, hakuwamo. Alikuwa Tanganyika, na mwezi huohuo wa Juni akafariki dunia. Ngũgĩ mwenyewe aliligusa jambo hilo baadaye, na nadhani lilimuuma kweli: wanafunzi waliokuwa na hadithi mbili tatu za Kiingereza waliingia, na gwiji wa Kiswahili akabaki nje.

Hebu tuulize na la chapaa, maana vijana wa siku hizi tukiona tangazo la udhamini hatuulizi nani analipa. Mkutano wa Makerere uligharimiwa na shirika la utamaduni lililokuwa na makao Paris, na kufikia 1967 ikawa wazi kwamba shirika hilo lilikuwa likipokea fedha za majasusi wa Marekani, CIA. Huko Harvard nako, tangu 1951, kulikuwa na semina ya kimataifa ya kila kiangazi, ikisimamiwa na Henry Kissinger kabla hajawa Kissinger tunayemjua, watu kama 40 kila mwaka, wa siasa na wa sanaa. Nayo ikabainika 1967 kwamba sehemu ya fedha zake ilipitia mifereji hiyohiyo. Sisemi kila udhamini una jasusi nyuma ya pazia. Semina za leo zina mambo mengine: ada, wanachama, vyuo kushindania majina. Nasema tu kwamba wakubwa wetu walikula chakula kile bila kujua aliyepika, na baadhi walipojua iliwachoma.

Ngũgĩ ndiye ningependa kukaa naye kidogo. Mwaka 1964 alikwenda Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa udhamini wa British Council. Alikwenda kusoma shahada ya pili ya fasihi, akajikita kwa waandishi wa Karibi, akakutana na maandishi ya Frantz Fanon. Shahada hiyo hakuimaliza. Mzazi wa Kibongo angelia machozi: mtoto kapelekwa Ulaya kwa hela za watu, karudi bila cheti! Alichorudi nacho ni A Grain of Wheat, riwaya iliyotoka 1967, na hasira iliyotulia. Oktoba 1968, akiwa mwalimu Nairobi, yeye pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo chao ifutwe. Taban naye alikuwa ametoka Marekani, kwenye programu ya uandishi ya Iowa, Mwafrika wa kwanza kuhitimu pale. Hoja yao haikuwa kwamba Shakespeare achomwe moto. Walihoji kwa nini fasihi ya Kiingereza ikae katikati na nyingine zote zizunguke pembeni, na wakataka Afrika iwe kitovu, fasihi simulizi isomwe kama fasihi nyingine yoyote, na Kiswahili kipate nafasi.

Tazama basi mchezo ulivyokuwa. Leeds na Iowa ndiko walikonoa panga, na panga likaja kukata Nairobi.

Kwetu Tanzania mambo yalikwenda kimya kimya zaidi. Mwalimu mwenyewe alikuwa mwana wa udhamini: Edinburgh, 1949 hadi 1952. Ebrahim Hussein alikwenda Berlin Mashariki, Chuo Kikuu cha Humboldt, akamaliza uzamivu 1975 kuhusu maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki. Euphrase Kezilahabi alikwenda Wisconsin, Marekani, akamaliza 1985. Ninachotaka mwandishi chipukizi akione hapa ni tarehe. Hussein alipomaliza Berlin, Kinjeketile ilikuwa sokoni tangu 1969. Kezilahabi alipomaliza Wisconsin alikuwa na Rosa Mistika ya 1971 na riwaya nyingine tatu. Ngũgĩ alifika Leeds na Weep Not, Child. Hakuna hata mmoja aliyekwenda majuu kutafuta kuwa mwandishi. Sisi wa vijiweni tunaosema "nikipata tu skolashipu nitaandika" tumeshika mkia badala ya kichwa, na mimi nikiwemo.

Kezilahabi aliporudi alitoa Nagona na Mzingile, vitabu vyembamba ambavyo watu wamevigombania tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Nimewasikia waandishi wenzangu wakidai Wisconsin ilimharibu, kwamba aliondoka msimulizi akarudi mwanafalsafa. Mimi sikubali. Ndani ya Nagona wanafikra wakubwa wa Ulaya wanajikuta kwenye dunia iliyosukwa kwa Kiswahili, wanasikilizwa kwa Kiswahili, wanatiliwa shaka kwa Kiswahili. Kama hiyo siyo fasihi ya dunia, basi sijui neno hilo lina kazi gani.

Sasa nifike nilikotaka kufika tangu mwanzo, yaani Kilosa yenyewe. Mwaka 1948 alizaliwa Berega, wilaya hiihii, mtoto wa kike aliyeitwa Penina Muhando, ambaye wengi wanamjua kama Profesa Penina Mlama. Nilisoma tamthilia zake sekondari bila kujua ametoka wapi. Hatia ilitoka 1972, kisha zikafuata Tambueni Haki Zetu, Heshima Yangu, Pambo, na mwaka 1982 Nguzo Mama, ambamo wanawake wanahangaika kuisimamisha nguzo na kila mara kuna kinachowaangusha. Mwaka huohuo akashirikiana na Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya kutoa Harakati za Ukombozi.

Lakini lililoninyanyua kwenye kiti ni utafiti wake. Wakati wenzake wakubwa walikuwa wamekwenda Berlin na Wisconsin, yeye uzamivu wake aliufanya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaumaliza 1983, na mada aliyoichagua ni sanaa za maonyesho za jadi za Wakaguru kama chombo cha kufundishia. Alirudi kwao kusoma. Yale ambayo Last na Beidelman waliyaandika wakiwa wageni, yeye aliyaendea kama mtoto wa nyumba. Na kabla hata hajamaliza, mwaka 1981, jarida la Marekani la The Drama Review lilichapisha makala yake kuhusu digubi, sanaa ya Wakaguru. Wasomaji wa New York walisoma habari za digubi kutoka kwa mtu wa Berega mwenyewe. Hadithi ilisafiri tena, ila safari hii na jina la mwenyewe juu yake.

Hakuishia kwenye makaratasi. Yeye na wenzake walikwenda vijijini, Malya mkoani Mwanza, Msoga mkoani Pwani, Mkambalani hapahapa Morogoro, wakakaa na wanakijiji, wakatunga nao michezo juu ya matatizo yao kwa ngoma na lugha wanazozijua. Kitabu alichoandika kuhusu kazi hiyo kilichapishwa Uppsala, Sweden, 1991. Baadaye aliongoza FAWE, lile shirika la Nairobi la elimu ya wasichana wa Afrika. Nilipomaliza kuyasoma haya nilijiuliza nimetembea na fomu yangu mpaka wapi, ilhali mtu niliyekuwa namtafuta alizaliwa wilayani kwetu.

Msinielewe vibaya. Sisemi vijana wasiende. Mimi mwenyewe nataka kwenda, tena sana. Mfano mzuri wa semina za siku hizi ni Taasisi ya Fasihi ya Dunia ya Harvard, aliyoiasisi David Damrosch. Ilianzia Beijing 2011, ikaenda Istanbul 2012, ikarudi Harvard 2013, na baadaye Hong Kong, Lisbon, Copenhagen, Tokyo, ikihamahama hivyo, wiki nne kila kiangazi cha kaskazini. Damrosch huyo, kwenye kitabu chake cha 2003, anaeleza kwamba kazi huingia kwenye fasihi ya dunia inapovuka kwao na kusomwa kwingine, iwe kwa lugha yake ya asili au kwa tafsiri. Kwa tafsiri! Maana yake Baba, na masizi yake, alikuwa ndani ya fasihi ya dunia jioni ile, na hakuna aliyemwambia.

Kwa wale mnaotaka kujaribu, nawapa nililojifunza kwa kuumia. Mwaka jana ile fomu ya uongo ilikubaliwa. Semina yenyewe sitaitaja. Waliniandikia barua nzuri, nimechaguliwa, ada nimesamehewa yote. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Nikasoma tena taratibu. Ada, ndiyo. Tiketi ya ndege, viza, bima, malazi: mwombaji atajitegemea. Kwa hiyo mkipata tangazo, kabla ya kushangilia tafuteni pale panapotaja nauli. Pia pasi ya kusafiria ishughulikieni mapema, na barua ya mwalimu iombeni miezi miwili kabla, siyo wiki mbili kama mimi, nikaishia kuambiwa njoo kesho mpaka kesho zikaisha. Nilichangisha kwa ndugu na marafiki hadi Machi, nikapata kama robo ya tiketi. Nikawarudishia. Semina ilipofunguliwa mwezi wa sita, kiwanda kilikuwa kimeanza kusaga, moshi wa miwa umetanda juu ya paa letu, nami nilikuwa chini yake.

Cha ajabu sikulia sana. Kilichonikera ni kufikiri kwamba kama ningekwenda, ningekaa mezani na watu wa Brazil na Uturuki, mmoja angeniuliza ulikutana lini na Orwell, na ningelazimika kuuendeleza ule uongo.

Mwaka huu fomu imetoka tena, ya semina nyingine. Swali ni lilelile, limehamia namba tano. Safari hii nimelijibu hivi. Orwell: Kiswahili. Achebe: Kiswahili. Okot: Kiswahili. Shakespeare, Kiswahili, Kiswahili. Haggard: Kiswahili. Gurnah, mwenzetu wa Nobeli ya 2021: hapa nikaandika Kiingereza na Kiswahili, maana Paradise niliisoma kwanza na Peponi ya Ida Hadjivayanis nikaipata baada ya kutoka 2022. Viwili vilivyofuata, Kiingereza, kweli tupu. Mtandao wa kwetu ulikuwa unakatika, nikapanda basi hadi Mikumi, na kabla ya kuondoka Mama alitaka nimsomee nilichoandika, kwa sababu swali lake la mwaka jana hakulisahau.

Nikamsomea hadi mstari wa kumi. Nguzo Mama, Penina Muhando, 1982, lugha Kiswahili. Palikuwa na nafasi ya maelezo mafupi, nikaandika kuwa mwandishi ni mzaliwa wa Berega, Kilosa.

"Berega?" Mama akasema. "Mbona ni hapo tu, ukishapita Kilosa na Dumila."

Saa nane mchana, Mikumi, nikabonyeza kutuma. Nauli bado sina.